Ramani ya Uwanja Haimjui Abiria wa Matambarale

Nachingwea, mkoani Lindi, ilikuwa na kiwanja cha ndege kabla Tanganyika haijapata bendera yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza waliingiza matingatinga Kongwa, Urambo na Nachingwea kulima karanga, na huku Kusini mji mzima ukachongwa porini: barabara, nyumba za maofisa, hospitali, reli na njia ya kurukia ndege. Mradi ulianza 1947. Kufikia 1951 ulikuwa umeshakufa, umemeza takriban pauni milioni 36, na karanga zilizovunwa hazikulingana hata kidogo na mbegu na mafuta yaliyotumika. Reli iliyoiunganisha Nachingwea na bahari ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Kiwanja kikabaki.

Katika miaka ya 1950 ndege za East African Airways zilitua Nachingwea kwa ratiba, kama zilivyotua Lindi na Mtwara. Muongo uliofuata mji ukawa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, na Samora Machel aliishi hapo kwa miaka kabla ya kuwa rais wa Msumbiji huru mwaka 1975. Wageni wa kila aina walipita. Leo kiwanja hicho kimo katika orodha ya viwanja vya serikali, lakini mkulima wa korosho wa Ruangwa au Nachingwea anayetaka kupanda ndege ya abiria hakitegemei. Anafunga safari ya barabara mpaka Mtwara, au anakwenda moja kwa moja Dar es Salaam.

Kwa hiyo habari ya adha za viwanja vya ndege, ambayo wengi huiona ni malalamiko ya wenye nacho, inaanzia mbali zaidi kwa mtu wa Matambarale, kata ya wilaya ya Ruangwa. Huyu hafiki uwanjani akitokea hoteli ya karibu kwa teksi. Ameamka usiku wa manane, amepanda bodaboda mpaka stendi, amekaa ndani ya basi saa nyingi, na anapofika kwenye mlango wa jengo la abiria tayari amechoka kuliko abiria mwingine yeyote kwenye foleni. Jengo lililopangwa vibaya humuumiza kila mtu, ila yeye linamuumiza mara mbili.

Na si kweli kwamba ndege si za watu wa vijijini. Matambarale ndiko uliko mgodi wa kinywe wa Lindi Jumbo. Nachingwea kuna nikeli katika kilima cha Ntaka. Wataalamu, mafundi na vibarua wenye ujuzi wanaingia na kutoka. Bei ya ufuta, mbaazi na korosho ikikaa vizuri, familia zinapata nauli ambayo miaka 20 iliyopita isingefikirika. Wapo wanafunzi wa vyuo vya Mwanza na Arusha. Wapo wagonjwa waliopewa rufaa ya hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambao miili yao haiwezi kustahimili kilomita 500 na zaidi za basi. Ipo misiba, na msiba haungoji. Wapo mahujaji, maana Lindi ni mkoa wa waumini na kuna wazee wanaoweka akiba ya Hijja maisha yao yote.

Kisha kuna siku ambazo barabara yenyewe inakataa. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizoletwa na kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Kusini maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Madaraja na makalavati yalisombwa, mabasi na malori yakapanga foleni pande zote mbili, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikabaki imetengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na mgonjwa au maiti siku zile alikuwa na njia moja tu ya haraka, nayo ni ya angani. Siku kama hizo ndizo zinazouonyesha uwanja wa ndege ulivyo: huduma ya umma, sawa na daraja na hospitali.

Sasa tazama jinsi viwanja hivi vinavyozungumzwa. Taarifa karibu zote huanza na mita. Mtwara: njia ya kurukia imerefushwa kutoka mita 2,258 hadi mita 2,800. Songwe, kilichoanza kazi Desemba 2012: mita 3,330. Msalato nje kidogo ya Dodoma: mita 3,600. Mita hizi zina maana yake. Bila hizo ndege kubwa haitui, na Mtwara ilizihitaji kwa muda mrefu. Lakini ni nadra kukuta taarifa inayosema jengo lina viti vingapi, vyoo vya wanawake vingapi, kivuli cha mlangoni kinatosha watu wangapi, au mzee atatembea umbali gani kutoka anaposhushwa mpaka anapokaa. Ndege imepimwa kuanzia pua hadi mkia. Abiria anatajwa kwa mamilioni kwa mwaka, basi.

Hesabu hiyo ya mwaka ndiyo inayodanganya zaidi. Jengo linaweza kuwa na nafasi ya watu laki mbili kwa mwaka, likapokea laki moja tu, na bado watu wakabanana ndani yake hadi wakakosa pa kuweka mguu. Watu hawaji kwa mwaka. Wanakuja kwa saa. Wasanifu wa viwanja wanalijua hili, ndiyo maana huhesabu abiria wa saa ya kilele, yaani ile saa ambayo ndege nyingi zimekutana. Katika viwanja vya mikoani tatizo hili liliongezewa uzito na ukosefu wa taa kwenye njia za kurukia: bila taa ndege haitui usiku, kwa hiyo safari zote zinasukumwa mchana, na zikichelewa asubuhi zinarundikana alasiri. Kufunga taa, kama ilivyofanyika Mtwara, ni hatua kubwa, kwa sababu inalipa jengo nafasi ya kupumua.

Piga hesabu ya uwanja mdogo. Ndege aina ya ATR 72 inabeba watu 70 hivi. Inatua, inashusha 70, na ndani ya dakika 30 au 40 inapakia 70 wengine. Hao ni 140. Kila mmoja ana mtu wa kumpokea au wa kumsindikiza, na Kusini mtu mmoja hatoshi. Mgonjwa anasindikizwa na mwanawe, dada yake na jirani mwenye gari. Bwana harusi anapokewa na kundi. Hujaji anaagwa na nusu ya kijiji, na haiwezekani kuwaambia wazee wabaki nyumbani. Kwa saa moja ile, uwanja ambao kwenye karatasi ni wa watu 140 unapokea watu 400, kisha unabaki mtupu mpaka kesho. Msanifu aliyechora kwa wastani wa siku hakuona chochote cha kumtia wasiwasi.

Wasindikizaji hawapo kwenye ramani. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika viwanja vyetu, na linarudiwa kila jengo jipya linapojengwa. Michoro inatoka mahali ambako abiria huja peke yake, amevuta sanduku lenye magurudumu, ameshachapa kadi ya kupandia ndege nyumbani, na anamwona anayemsindikiza kuwa mtu wa ziada. Huku kwetu kusindikizwa ni sehemu ya safari. Baba anayempeleka binti yake chuoni kwa mara ya kwanza haondoki mpaka ndege imeruka. Kumjengea jengo ambalo linamwacha juani, nje ya uzio, akichungulia kupitia vyuma, ni kumwambia kwamba desturi yake ni usumbufu.

Jengo la pili la abiria katika Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, linastahili kutazamwa kwa haki hapa, kwa kuwa ndilo linalopokea wengi wa wasafiri wa ndani, pamoja na wale wanaotoka Mtwara. Lilichorwa na Mfaransa Paul Andreu, yule yule aliyesanifu jengo la kwanza la uwanja wa Charles de Gaulle wa Paris, likafunguliwa 1984. Halikuwa jengo baya. Andreu aliitazama nchi ya joto akafikiria miti, na nguzo zake zinapanda na kutanda juu mithili ya matawi yanayoshika paa. Lilikusudiwa abiria milioni moja na ushee kwa mwaka. Kufikia 2012 uwanja huo ulikuwa unapitisha zaidi ya milioni 2. Kwa miaka mingi watu walisukumana pale kwenye ukaguzi, kwenye kaunta za uhamiaji na kwenye mkanda wa mizigo, na kila aliyepita anajua joto la usiku ndege mbili kubwa zilipokuwa zimetua pamoja.

Dawa ilikuwa jengo la tatu, lililojengwa na kampuni ya BAM ya Uholanzi na kuzinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 1 Agosti 2019. Lina uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka. Lina kioo, lina nafasi, lina ngazi za umeme. Safari za kimataifa zikahamia huko, na jengo la Andreu likaachiwa safari za ndani.

Uamuzi huo ulipunguza msongamano, hakuna ubishi. Ila ulifanya pia jambo ambalo halijasemwa vya kutosha: mgeni wa nje alipewa jengo jipya, na mwananchi anayekwenda Mtwara, Mwanza au Kigoma alibaki kwenye lile la miaka 35. Anayetoka Mtwara akiwa na tiketi ya kuunganisha kwenda nje anashuka jengo moja na kutakiwa kufika jingine, na mizigo yake mkononi. Fedha za ada ya huduma kwa abiria, ambazo hukatwa ndani ya tiketi bila hata mnunuzi kuziona, zinalipwa na wote. Si haki kuona jengo la mwananchi kama mabaki.

Namna mambo madogo yanavyomuumiza mtu huonekana vizuri zaidi kwenye mlango wa ukaguzi. Chukua bibi wa Matambarale anayekwenda kumwona mjukuu aliyelazwa. Amevaa kanga mbili, ya tatu amejitanda. Kwenye pindo la ile aliyojifunga kiunoni kuna fundo, na ndani ya fundo kuna noti zilizokunjwa mara nne na ufunguo wa nyumba yake. Anapita kwenye fremu, inalia. Anarudishwa. Anavua ndala, anapita, inalia tena. Afisa wa kike anampapasa, anakuta fundo, anamwomba alifungue. Bibi analifungua kwa meno, kwa kuwa vidole vina baridi yabisi, huku watu 30 nyuma yake wakianza kuguna na mmoja akisema kwa sauti kwamba atakosa ndege. Ufunguo unapita kwenye trei peke yake. Ng'ambo ya mashine anakuta begi lake limeshasukumwa mwisho wa mkanda na ndala moja imeanguka. Hakuna benchi. Hakuna hata ukuta wa kuegemea. Anajifunga kanga upya akiwa amesimama, begi amelibana katikati ya miguu, ufunguo ameushika mdomoni.

Afisa yule hakukosea. Amefanya kazi yake, na huenda ameifanya kwa upole. Ukaguzi unatakiwa, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeomba upunguzwe. Kinachoulizwa ni kwa nini baada ya mashine hakuna benchi la mita tatu. Benchi haligusi usalama kwa namna yoyote. Halipo kwa sababu aliyechora alimfikiria mtu aliyevaa mkanda wa suruali na saa, anayezivaa tena huku akitembea.

Ama kaunta ya tiketi, nayo ina mtihani wake. Kitambulisho cha taifa kinasema Zuhura, tiketi imeandikwa Zuhra, kwa sababu mpwa aliyeikata kwa simu alisikia hivyo. Majina ya Kusini yameandikwa kila namna tangu enzi za kadi za kliniki: Hadija na Khadija, Saidi na Said, Issa na Isa. Abiria anaondolewa kwenye foleni, anaambiwa aende dirisha jingine, na dirisha hilo halina kibao. Akirudi, foleni imeshafika mlangoni. Jengo lenye sehemu moja inayojulikana ya kutatua shida za aina hii, yenye viti na mtu wa kueleza, lingeokoa dakika za kila abiria na heshima ya wengi.

Matangazo nayo. Abiria wengi wa safari ya Mtwara hadi Dar es Salaam wanazungumza Kiswahili, na bado mara nyingine vipaza sauti hutanguliza Kiingereza, kwa kasi, ndani ya ukumbi unaorudisha mwangwi. Kiswahili hufuata kikiwa kimefupishwa. Ndege ikichelewa, sababu haisemwi. Watu wanabaki wakitazamana na kuulizana kama wameitwa. Aliyezoea anaangalia simu yake. Asiyezoea anamwangalia aliyezoea.

Watu wa Ruangwa wana kumbukumbu kali ya namna msafiri anavyogeuka kuwa mtu asiye na sauti. Februari 2021 timu yao, Namungo FC, ilisafiri kwenda Angola kucheza na Primeiro de Agosto katika Kombe la Shirikisho Afrika. Walipofika Luanda mamlaka za afya zilisema baadhi ya wachezaji na kiongozi mmoja wamekutwa na maambukizi ya korona, msafara ukazuiliwa, na mechi ikafutwa. Kwa siku zile mashabiki wa Ruangwa hawakuzungumzia mpira. Walizungumzia watoto wao walioko ugenini, wasiojua watatoka lini. Mwishowe Shirikisho la Soka Afrika (CAF) liliamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Namungo wakashinda 6–2, wakafungwa 3–1, wakasonga mbele kwa jumla ya mabao 7–5. Matokeo yalileta furaha. Lakini kile kilio cha mwanzo, cha kuzuiliwa bila kujua mwisho wake, abiria wa kawaida anakilia kila ndege inapoahirishwa na hakuna anayesimama mbele yake kusema neno.

Tanzania haiko peke yake. Jengo la abiria la Embakasi, Nairobi, lilizinduliwa 1978 kwa ajili ya watu milioni 2.5 kwa mwaka. Kufikia 2013 lilikuwa linabeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza ukumbi wa wanaowasili kutoka nje, na kwa muda abiria wakahudumiwa ndani ya mahema na kwenye jengo la kuegeshea magari. Mwaka 2024 Wakenya walikuwa wakionyeshana kwenye simu picha za maji yakivuja kutoka kwenye dari la uwanja huo huo, huku serikali ikipanga kuukabidhi kwa kampuni ya Adani ya India. Wafanyakazi waligoma Septemba, na Novemba Rais William Ruto akaufuta mpango. Katika kelele zote zile, juu ya nani amiliki na kwa miaka mingapi, swali la abiria atakaa wapi lilisikika kwa shida. Zanzibar nako, jengo jipya la uwanja wa Abeid Amani Karume lilianza kujengwa 2011 na likachukua takriban miaka 10, wakati wageni na wenyeji wakiendelea kubanana kwenye lile la zamani.

Je, inawezekana kuchora uwanja ukianza na msafiri? Inawezekana, na imeshafanyika, tena mahali ambapo wazee wetu wa Lindi wamepita kwa miguu yao. Mwaka 1981 Saudi Arabia ilifungua Jeddah kituo cha mahujaji kilichosanifiwa na kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill ya Marekani, na mhandisi wake mkuu alikuwa Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Bengali. Kabla ya kuchora walijiuliza hujaji ni nani. Ni mzee. Yuko na kundi. Amebeba chakula. Hajui Kiarabu wala Kiingereza. Anataka kuswali, anataka kulala, anataka kukaa chini na wenzake. Na atasubiri sana: walikadiria hadi saa 18 anapofika, na hadi saa 36 anapoondoka, kwa kuwa mabasi na ndege za mamilioni haziwezi kupangwa kwa dakika.

Basi hawakujenga sanduku la kioo lenye viyoyozi. Walitandaza mahema 210 ya kitambaa cha nyuzi za kioo, yaliyotundikwa kwenye nguzo ndefu, juu ya eneo kubwa lililo wazi pande zote. Kitambaa kinazuia sehemu kubwa ya joto la jua na kuruhusu mwanga laini kupita. Hewa moto inapanda na kutokea juu ya kila hema. Chini yake kuna sakafu safi, vyoo, maji ya kutawadha, maduka na nafasi ya kutandika mkeka. Mwaka 1983 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu. Hujaji wa Nachingwea aliyekaa chini ya mahema yale hakuwa ameisikia tuzo hiyo, lakini alijua kwamba amewekwa kivulini na mtu aliyejua kwamba atakuja.

Funzo hilo halihitaji fedha za mafuta. Kivuli kirefu mbele ya jengo, kilichoinuliwa ili upepo upite, ni bati, mbao au zege ambavyo mafundi wa Lindi wanavijenga kila siku kwenye masoko na maghala ya korosho. Kusini kuna upepo wa bahari, kuna miembe na mikorosho inayotoa kivuli ambacho hakuna kiyoyozi kitakachokifikia. Ukumbi wa wazi wa wasindikizaji, wenye mabenchi, maji ya kunywa, mahali pa kuswalia na vyoo vya kutosha, unagharimu kidogo ukilinganishwa na lami ya njia ya kurukia. Usipokuwepo, si kwa sababu hela zilikwisha. Ni kwa sababu hakuna aliyeuweka kwenye orodha.

Vivyo hivyo usafiri wa kufika uwanjani. Dar es Salaam abiria aliyeshuka Mbagala akitokea Ruangwa anatakiwa avuke jiji mpaka Kipawa. Anaweza kupanda daladala za barabara ya Nyerere, ila zinamshusha barabarani, na kutoka hapo ni kutembea na mizigo au kulipa teksi kwa bei inayozidi nauli zote za daladala alizolipa siku nzima. Uwanja uliopangwa kana kwamba kila abiria ana gari la kumshusha mlangoni umeshamtenga msafiri hata kabla hajaiona foleni.

Wapo watakaosema vitu hivi vitakuja vyenyewe, kwamba kwanza ndege zije, starehe zifuate. Hoja hii inasikika ya busara, ila haina ukweli ndani yake. Jengo likishasimama, ukuta hausogei. Choo kilichochorwa chenye matundu mawili kinabaki na matundu mawili kwa miaka 30. Ngazi iliyowekwa bila njia ya kiti cha magurudumu inakuwa adhabu ya kila siku, ingawa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Andreu alifanya kazi nzuri mwaka 1984, na bado kila kosa la kukadiria idadi ya watu lililipwa na abiria kwa miongo mitatu. Wakati wa kusema ni pale karatasi bado iko mezani.

Na karatasi nyingi ziko mezani sasa. Mikoa inadai viwanja bora, serikali imekuwa ikiboresha kimoja baada ya kingine, na kwa utajiri wa madini na korosho ulioko Ruangwa na Nachingwea, si ndoto kudai kwamba siku moja ndege ya abiria itatua tena karibu zaidi na hapo. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege inafaa iweke wazi, kwa kila jengo inalojenga au kulikarabati, idadi ya watu wa saa ya kilele pamoja na wasindikizaji, idadi ya viti, na idadi ya vyoo vya wanawake na wanaume. Hizo ni namba ambazo mhandisi anazo au anapaswa kuwa nazo. Mwananchi akizisoma pamoja na zile mita za lami, ataweza kuuliza maswali ya maana.

Nchi hii tayari ina Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, lililo chini ya sheria ya usafiri wa anga, na kazi yake ni kusikiliza abiria na kuwasemea. Wengi wa Matambarale hawajawahi kulisikia. Malalamiko yao yanaishia kwenye basi la kurudi nyumbani, wakimsimulia aliyekaa kiti cha pili. Msimu wa ufuta ukifika, wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale hukusanyika kwenye minada ya chama chao kikuu cha RUNALI, mamia kwa wakati mmoja, na muda wa kusubiri mnada wanao. Baraza likituma maofisa wawili, meza moja na ramani ya jengo la abiria iliyochorwa kwa maandishi ya Kiswahili, litapata kwa asubuhi moja maoni ambayo hakuna mshauri wa kigeni atakayeweza kuyaandika: mzee atakaa wapi, mama atanyonyesha wapi, na wale walioletwa na lori moja kumuaga hujaji watasimama upande gani.